Shina Lililoachwa Ardhini

  Leo hatutawapeleka mbali. Tungependa tuketi pamoja chini ya mti mmoja, tuukumbuke ulikotoka, na tujiulize mbele za Mungu kama watoto wetu watauona.

Mti wenyewe ni mgunga, ule ambao Waturkana huuita ewoi. Kila mtu aliyewahi kusafiri katika nchi yetu aujua. Juu umetandaa kama mwavuli, miiba yake ni mirefu na meupe, na chini yake mna kivuli ambacho saa saba za mchana hakuna kitu kingine chenye thamani kama hicho. Hapo ndipo wazee huketi juu ya ekicholong, kile kigoda ambacho pia ni mto wa kulalia, wakakata shauri za mahari, za malisho na za amani. Wengi wetu tulisikia Injili kwa mara ya kwanza chini ya mti huo, kabla hapajajengwa kanisa la mawe wala la mabati.

Lakini kivuli ni kazi ndogo tu ya ewoi. Wakati wa kiangazi, majani ya nchi yanapokwisha, mti huu huangusha matunda yake, yale maganda yaliyojipinda yaitwayo ngitit. Mbuzi huyala na kunenepa. Akina mama huyakusanya na kuyaweka akiba kwa ajili ya siku mbaya. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, kwa hiyo mti hubaki na kitu cha kutoa wakati nyasi zimekwisha kusalimu amri. Pamoja nao, kando ya mito, ipo miti mingine tuliyopewa: edome na edung wenye matunda ya kuliwa, esekon wa miswaki, na eengol, yule mkoma ambao akina mama husuka makuti yake kuwa mikeka na vikapu. Lakini kwa mfugaji wa kando ya Turkwel, mti mkuu ulikuwa ewoi.

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, yatupasa kusahihisha neno moja lililosemwa na wageni wengi. Walipouona msitu ule wa mtoni hauna ukuta wala hati ya ardhi, walidhani hauna mwenyewe. Walikosea. Waturkana walikuwa na ekwar. Ekwar ni sehemu ya miti ya kando ya mto ambayo jamaa fulani huitunza na kuitumia, hasa wakati wa kiangazi, na mtoto huirithi kwa baba yake. Mtu wa nje hakuingia tu na kutikisa ngitit kwa fimbo ndefu. Alikwenda kwa mwenye ekwar, akaomba. Mara nyingi hakunyimwa, kwa maana anayeombwa leo ndiye mwombaji wa kesho. Lakini aliomba. Na kuukata mti mkubwa ulio hai lilikuwa jambo la kujibiwa mbele ya wazee. Bwana Edmund Barrow, aliyefanya kazi ya misitu huku Turkana katika miaka ya 1980, aliandika habari za ekwar mwaka 1990, hata wasomi wa nje wakajua kwamba nchi hii ilikuwa na sheria ya miti kabla ya ofisi ya misitu kuwapo.

Basi ni nini kilichotupata? Hatukupatwa na jambo moja. Yalikuja mengi, moja nyuma ya jingine.

Kwanza ilikuwa njaa. Wazee wanaikumbuka ile ya mwaka 1960 na 1961, ambayo ndiyo iliyofungua njia kwa wamisionari na kambi za chakula. Kisha ikaja ile ya mwaka 1979 hadi 1981, waliyoiita Lopiar. Ukame na magonjwa ya mifugo yalikwenda pamoja, na watu waliokuwa na zizi kubwa walijikuta wamesimama katika foleni wakishika bakuli. Mtu asiye na mbuzi hana haja ya ngitit. Lakini ana haja ya shilingi, na mti hai ukichomwa huwa mkaa, na mkaa huwa shilingi. Lodwar nayo ilikuwa ikikua, ikihitaji mkaa wa kupikia na miti ya kujengea. Hivyo mti uliokuwa chakula cha mbuzi wa wengi ukawa bidhaa ya mtu mmoja.

Pili, katika kuponya jambo hili, tulijiletea lingine. Miaka ile ya 1970 na 1980, watu wenye nia njema walitafuta mti ambao ungeota upesi katika nchi kame, ukazuia mchanga na kuwapa watu kuni. Wakaupata mti kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini, unaoitwa prosopisi na wataalamu, ambao Kenya nzima sasa huuita mathenge, na Waturkana etirae. Mwaka 1973 ulipandwa Bamburi karibu na Mombasa, katika mashimo ya mawe ya saruji. Mapema katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo, na miaka hiyo hiyo ukapandwa huku kwetu, katika miradi ya kuwasaidia watu walioharibikiwa na njaa. Nasi tukiwa watu wa kanisa hatuwezi kunawa mikono. Tuliwahimiza watu kupanda, tukauita mti wa baraka, maana tuliona ukiwa kijani wakati kila kitu kimekauka.

Mathenge uliota. Uliota mno. Ulishuka kando ya Turkwel, na kando ya Tarach kule Kakuma, ukafunga njia za kwenda majini, ukasonga miche ya miti ya zamani. Miiba yake hutoboa miguu ya punda na magurudumu ya magari. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyapenda, lakini akiyala siku zote sukari humharibu meno. Ndugu zetu Wailchamus wa Baringo walikwenda mahakamani Nairobi mwaka 2006, na wakamleta mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Watu wengine walicheka. Mwenye mbuzi hakucheka. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa gugu baya.

Bwana Yesu alitoa mfano wa adui aliyekuja usiku watu wakiwa wamelala, akapanda magugu katikati ya ngano. Twauelewa mfano huo. Lakini habari yetu ni ngumu zaidi, kwa maana huku hakuwapo adui, wala hapakuwa na usiku. Waliopanda walikuwa rafiki, tena mchana, na kwa maombi. Hili latufundisha kwamba nia njema haitoshi. Yampasa mwenye kusaidia aulize kwanza: Je, hapa hapakuwa na mti tayari? Je, hawa watu hawakuwa na sheria yao? Kama tungaliuliza habari za ekwar kabla ya kufungua pakiti ya mbegu, huenda tungalipanda kitu kingine.

Tatu, mto wenyewe ulibadilika. Kule juu, penye genge la Turkwel, lilijengwa bwawa lenye kimo cha mita 153, likamalizika mwaka 1991, ili kutoa umeme wa megawati 106. Umeme huo ni msaada kwa taifa, hatuukatai. Lakini msitu wa mtoni ulikuwa umezoea mto wa namna nyingine: mto uliofurika kwa msimu, ukapanda juu ya kingo, ukaacha tope jipya na unyevu wa kuoteshea mbegu, kisha ukashuka. Mto uliofungwa hufuata saa za mitambo. Miti mikubwa yaweza kuvumilia miaka mingi, lakini mche hauna miaka mingi ya kusubiri.

Nne, wageni walikuja. Mwaka 1992 vijana wa Sudani, maelfu yao, waliokuwa wamekwisha kutembea kwenda Ethiopia na kurudi, walifika Kakuma, na kambi ikafunguliwa. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa. Leo watu hao wote ni zaidi ya laki mbili. Walipewa mahindi au maharagwe, na maharagwe hayaivi kwa maombi peke yake. Katika miaka ya 1990 shirika la Kijerumani la GTZ lilishughulikia kuni na majiko ya kupunguza moto, na kuzungushia uzio vipande vya ardhi ili miti iote. Kazi hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo kuni za mgawo hazikutosha, na mama aliyepungukiwa alikwenda kutafuta mwenyewe, na huko porini alikutana na mwenyeji aliyeuona mti wake unakwenda. Ugomvi mwingi wa Kakuma, ambao watu wa mbali huuita wa kabila, ulianza kwa mzigo wa kuni kichwani mwa mwanamke.

Basi tusiwahukumu upesi. Ukipita barabara ya Lodwar kwenda Kakuma utaona magunia ya mkaa yamesimama kando ya njia, na nyuma ya gunia ameketi mama. Baada ya ile miaka ya 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, mama wa namna hii aweza kuwa amebakiwa na mbuzi wawili, au hana hata mmoja. Yeye ajua ewoi kuliko sisi. Ajua kwamba anauza kivuli cha mjukuu wake. Lakini mtoto yupo leo, na mjukuu hajazaliwa. Nasi tunaonunua lile gunia, tukalipeleka jikoni kwetu, hata jikoni mwa nyumba za kanisa kwa ajili ya sherehe za harusi na za ubatizo, je, twaweza kumnyoshea kidole? Mara ngapi tumeuliza, mkaa huu ni wa mti gani?

Wapenzi wasikilizaji, si sisi peke yetu tuliopoteza mti. Tusikilize habari ya Marekani kidogo. Kulikuwako huko mti ulioitwa chesnati, mti mkubwa wa milima ya mashariki. Matunda yake yalilisha watu, nguruwe na wanyama wa mwitu, na mbao zake zilijenga nyumba na mazizi. Kisha watu wakaleta miche ya chesnati kutoka Asia ili kupendeza bustani zao, na pamoja na miche hiyo ukaja ukungu usioonekana. Mwaka 1904, katika bustani ya wanyama ya jiji la New York, miti ilionekana kuugua. Ule ukungu huingia chini ya gamba, ukauzunguka mti kama kamba shingoni, na mti hufa kutoka hapo kwenda juu. Kwa makisio, miti karibu bilioni 4 ilikufa katika muda wa miaka hamsini. Na watu walifanya neno la kusikitisha zaidi: walipoona miti yote itakufa, waliikimbilia hata ile mizima wakaikata, ili wapate mbao kabla haijaharibika. Huenda katika hiyo iliyokatwa ilikuwamo iliyokuwa na nguvu ya kushinda ugonjwa. Hatutajua kamwe. Kukata tamaa nako kuna shoka lake.

Lakini ule ukungu hauwezi kuua mizizi iliyo udongoni. Hata leo, kutoka katika mashina ya zamani, chesnati huchipuka. Chipukizi hukua miaka michache, huugua, hufa, kisha mzizi huchipua tena. Mwaka 1983 watu waliuunda mfuko wa kuurudisha mti huo. Wanauoanisha na ule wa China uzoeao ugonjwa, wanapanda, wanangoja, wanachagua, wanapanda tena. Wamekosea njiani zaidi ya mara moja, na kazi haijaisha. Wengi walioianza hawataketi chini ya kivuli chake. Hata hivyo wanapanda.

Ayubu naye, alipokuwa amenyang'anywa kila kitu, katika sura ya 14 ya kitabu chake, aliutazama mti uliokatwa akauonea wivu. Aliona kwamba hata shina lake likizeeka ardhini, harufu ya maji tu yaweza kuliamsha. Sisi watu wa nchi kame twalifahamu neno hilo kuliko wasomaji wa nchi za mvua. Tumeona korongo lililokauka mwaka mzima likipata maji usiku mmoja, na baada ya siku chache nchi ikawa na rangi nyingine.

Hata hivyo, na hapa tusikilize vizuri, neno hilo ni kweli kwa mathenge pia. Ukiukata mathenge juu ya ardhi, utachipuka mara tatu. Ili ufe, yakupasa kuchimba na kuukata chini ya shingo ya mzizi. Na ewoi je? Ewoi mchanga ukikatwa, kisiki chake kikalindwa na mbuzi, waweza kuinuka. Lakini ule mkongwe uliofukuliwa na kuchomwa kwa mkaa haurudi. Basi mashina mawili yako ardhini mwetu. Moja tumeachiwa na baba zetu, na moja tumelileta wenyewe. Yote mawili yataka kuota. Tumaini halituondolei kazi ya kuchagua. Ndivyo ilivyo hata moyoni mwa mtu: upendo hukatwa ukachipuka, na chuki nayo hukatwa ikachipuka, na mwenye moyo ndiye atakayeamua lipi analizungushia uzio na lipi analichimba.

Sasa tuseme neno la faraja, nalo si la kubahatisha. Watafiti wawili, Robin Reid na James Ellis, walichunguza migunga ya Turkana ya kusini, na mwaka 1995 wakaandika walichokiona. Walikuta kwamba miche ya ewoi huota kwa wingi katika mazizi yaliyoachwa. Sababu yake ni hii: mbuzi hula ngitit, mbegu hupita tumboni mwake bila kufa, huanguka zizini pamoja na mavi, na mavi hutunza unyevu na kuulisha mche. Jamaa wakihama, zizi hubaki, mvua hunyesha, na miaka ikipita panakuwa na kichaka cha migunga pale palipokuwa na boma. Fikirini, ndugu zetu! Kwa miaka mingi mfugaji aliambiwa kwamba yeye na mbuzi wake ndio walioleta jangwa. Kumbe popote alipolala, alikuwa akiacha msitu nyuma yake.

Lakini mbuzi yule yule hupanda na mathenge, kwa njia ile ile. Hachagui. Mchungaji ndiye achaguaye. Ndiyo sababu wataalamu wa misitu hufundisha kuyasaga maganda ya mathenge kabla ya kuwapa mifugo, maana mbegu iliyosagwa haioti. Na ikiwa lazima tuchome mkaa, basi tuchome mathenge na tuuache ewoi. Mwenye kununua aulize, na mwenye kuuza ajue kwamba ataulizwa. Neno hilo moja, mkaa huu ni wa mti gani, likisemwa sokoni Lodwar na Kakuma kila siku, litafanya kazi kubwa.

Mwezi wa Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 hadi mwaka 2032. Twaushukuru. Lakini twaomba wale watakaokuja kwetu na miche, waje kwanza kwa wenye ekwar, waketi, waulize ni mti gani, upandwe wapi, na ni nani atakayeulinda mbuzi wakija. Mche usio na mwenyewe ni kuni za mwakani. Tena twasema: mara nyingi si lazima kupanda. Zizi la zamani lililoota miche likizungushiwa miiba kwa misimu michache, Mungu amekwisha kupanda.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, Musa aliwapa Israeli sheria ya ajabu. Hata wakiwa vitani, wakiuzingira mji wa adui, wasiipige shoka miti yenye matunda ya kuliwa, kwa kuwa mti si adui anayezingirwa. Kama mti ulilindwa wakati wa vita, si zaidi wakati wa njaa, ambapo wenyeji na wageni wa Kakuma wote wawili wanaupigania uhai? Mwenyeji na mgeni wakilinda zizi moja la miche pamoja, hiyo ni amani yenye mizizi.

Basi wiki hii tunawapa kazi moja. Kila familia itafute shina moja la ewoi lililo hai, au miche mitatu katika zizi lililoachwa. Mwulizeni mwenyewe, kama desturi ilivyo. Kisha mkate matawi ya mathenge, yale yale yenye miiba tunayoyalaumu, mkafanye uzio wake. Na mtoto mdogo wa nyumba apewe shina hilo kulilinda, aambiwe ni lake.

Na tuombe. Ee Baba, ulitupa mti nasi hatukuulinda vema. Utusamehe tulichokata kwa tamaa, na tulichokata kwa njaa, na tulichopanda pasipo kuuliza. Mkumbuke mama aketiye kando ya gunia lake njiani, umpe njia nyingine ya kuwalisha watoto. Wape wenyeji na wageni moyo mmoja penye maji na penye kuni. Yatunze mashina yaliyobaki ardhini, mpaka mvua yako ije. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.